Samora Machel: Maisha ya mpigania uhuru na sekunde 32 za mwisho angani

Kila ifikapo tarehe 19 Oktoba, wananchi wa Msumbiji hukikumbuka kilima kimoja cha Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, karibu na mahali inapokutana mipaka ya nchi hiyo, Msumbiji na Eswatini. Hapo yamesimikwa mabomba 35 ya chuma, moja kwa kila mtu aliyepoteza maisha katika ajali ya ndege ya mwaka 1986. Upepo wa mlimani unapopita, mabomba hayo hutoa mlio mzito wa kuomboleza. Mmoja kati ya hao 35 alikuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji huru, Samora Moisés Machel.

Kwa Watanzania, jina hilo si geni. Barabara mojawapo maarufu katikati ya jiji la Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na historia ya maisha yake haiwezi kuandikwa bila kutaja Kongwa, Nachingwea na Tunduru. Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu kifo chake, na mengi ya hayo yanahusu swali la nani aliyemuua. Lipo hata hivyo swali jingine, ambalo si la siasa kwa asili yake: ni wakati gani rubani anayeshuka gizani apaswa kuacha nia ya kutua na kuirudisha ndege juu? Usiku ule, jibu la swali hilo lilibeba uhai wa rais na wa msafara wake.

Kijana wa bonde la Limpopo

Samora Machel alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 katika kijiji kilichoko bonde la mto Limpopo, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Ukoo wake ulikuwa na kumbukumbu za vita dhidi ya Wareno, kwa kuwa babu yake alikuwa miongoni mwa watu wa mfalme Gungunhana, mtawala wa Gaza aliyekamatwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 19. Wazazi wake walikuwa wakulima. Katika miaka ya 1950, ardhi ya wakulima Waafrika wa bonde hilo, wakiwemo wazazi wake, ilichukuliwa na kugawiwa walowezi kutoka Ureno.

Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, kisha akaenda mji mkuu, ambao wakati huo uliitwa Lourenço Marques na leo ni Maputo, akasomea uuguzi katika hospitali ya Miguel Bombarda. Hospitalini aliuona ubaguzi kwa macho yake. Muuguzi mweusi na muuguzi mweupe walifanya kazi moja, lakini mishahara yao haikulingana. Mwaka 1961 alikutana na Eduardo Mondlane, msomi wa Msumbiji aliyekuwa akifanya kazi Umoja wa Mataifa na aliyekuwa ziarani nyumbani.

Tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya wapigania uhuru wa Msumbiji viliungana jijini Dar es Salaam na kuunda FRELIMO, Mondlane akiwa rais wake. Mwaka uliofuata, Machel aliacha kazi ya uuguzi na kuondoka nchini kwa siri ili kujiunga na chama hicho.

Kiti katika ndege ya wengine

Safari yake ilipitia Swaziland na Afrika Kusini hadi Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Huko alikutana na wanachama wa chama cha ANC waliokuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda Tanganyika. Viongozi wa ANC walivutiwa na muuguzi huyo kijana, wakampa nafasi katika ndege yao. Hivyo ndivyo Samora Machel alivyowasili Dar es Salaam mwaka 1963.

Alipelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, na aliporudi akakabidhiwa dhamana ya kuwafunza wapiganaji katika kambi ya Kongwa, mkoani Dodoma. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Mwaka 1966 aliuawa Filipe Samuel Magaia, aliyekuwa mkuu wa jeshi la FRELIMO, na Machel akashika nafasi yake. Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ikawa kambi kuu ya mafunzo, mahali ambapo vijana kutoka makabila na mikoa mbalimbali ya Msumbiji walijifunza kutumia silaha, kulima na kuishi pamoja kama taifa moja.

Miaka hiyo ilimletea pia misiba. Tarehe 3 Februari 1969, Mondlane aliuawa jijini Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mwezi Mei mwaka huo, Machel alifunga ndoa na mpiganaji mwenzake, Josina Muthemba, huko Tunduru. Josina alifariki dunia tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, na siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kama Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Kurudi nyuma bila kushindwa

Baada ya mvutano mkali wa madaraka ndani ya chama, Machel alithibitishwa kuwa rais wa FRELIMO mwezi Mei 1970. Mwaka huohuo, Jenerali Kaúlza de Arriaga wa Ureno alianzisha operesheni kubwa kaskazini mwa Msumbiji, akitumia maelfu ya askari, ndege na mizinga ili kuwamaliza wapiganaji kwa pigo moja.

Machel hakukubali kupigana pale alipotakiwa na adui apigane. Wapiganaji waliziacha baadhi ya kambi zao, wakatawanyika, kisha nguvu zikaelekezwa mkoa wa Tete upande wa magharibi na kuvuka mto Zambezi kwenda kusini. Wareno waliteka kambi zilizokuwa tupu, na vita vikahamia mahali ambapo hawakuvitarajia. Kwa kiongozi huyo wa vita vya msituni, kuliacha eneo hakukuwa aibu. Kulikuwa njia ya kuhifadhi nguvu ili kurudi kwa wakati na mahali panapofaa.

Mapinduzi ya Ureno ya Aprili 1974 yalifungua mlango wa mazungumzo, na mkataba wa Lusaka ukatiwa saini tarehe 7 Septemba 1974. Mwezi Mei 1975, Machel aliondoka Nachingwea akavuka mto Ruvuma na kufanya ziara ndefu ya ushindi kutoka kaskazini hadi kusini. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam.

Rais wa nchi iliyozingirwa

Serikali yake ilitaifisha ardhi, shule, hospitali na nyumba za kupangisha, na kuendesha kampeni kubwa za chanjo na za kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Ilikuwa pia serikali ya mkono mkali. Watu wengi walipelekwa kwa nguvu kwenye kambi za mafunzo ya kurekebisha tabia, wasio na kazi wakahamishwa mijini, adhabu ya viboko hadharani ikarudishwa, na wapinzani wa kisiasa, akiwemo Uria Simango aliyewahi kuwa makamu wa Mondlane, wakauawa bila kesi ya haki. Historia ya Machel isiyotaja hayo haijakamilika.

Mwezi Machi 1976 Msumbiji ilifunga mpaka wake na Rhodesia ili kuunga mkono ukombozi wa Zimbabwe, hatua iliyougharimu sana uchumi wake. Rhodesia ilijibu kwa kuunda na kulifadhili kundi la waasi la Renamo, na baada ya uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980, kundi hilo likalelewa na jeshi la Afrika Kusini. Shule na zahanati zilichomwa, reli zikang'olewa, nguzo za umeme zikalipuliwa. Giza la ghafla likawa jambo la kawaida katika jiji la Maputo, na jambo hilo lina nafasi yake katika kisa cha ajali.

Katika mkutano mkuu wa chama wa mwaka 1983, Frelimo ilikiri kuwa mashamba makubwa ya serikali yalikuwa yamepewa kipaumbele huku wakulima wadogo wakisahauliwa. Tarehe 16 Machi 1984, Machel alikwenda ukingoni mwa mto Nkomati akatia saini mkataba na P. W. Botha, kiongozi wa utawala wa makaburu. Wengi waliompenda walishangaa na baadhi walikasirika, kwa sababu kwa mkataba huo Msumbiji iliwanyima wapiganaji wa ANC nafasi ya kuitumia ardhi yake. Yeye aliona kuwa nchi yake haikuwa na nguvu ya kuendelea na njia ileile. Afrika Kusini haikutimiza ahadi yake. Mwaka 1985, nyaraka zilizokamatwa katika kambi kuu ya Renamo huko Gorongosa zilionyesha kuwa msaada kwa waasi ulikuwa umeendelea.

Safari ya Mbala

Mwezi Septemba 1986, Machel alikwenda Blantyre pamoja na Kenneth Kaunda na Robert Mugabe kumtaka Rais Kamuzu Banda wa Malawi aache kuwahifadhi Renamo. Mapema Oktoba, askari wa Afrika Kusini walijeruhiwa na bomu la kutegwa ardhini karibu na mpaka wa Msumbiji, na Waziri wa Ulinzi wa nchi hiyo, Magnus Malan, akamtishia Machel hadharani. Hali ya hewa ya kisiasa ilikuwa nzito.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 19 Oktoba, Machel alisafiri kwenda Mbala, kaskazini mwa Zambia, kwenye mkutano wa viongozi uliokusudia kumshinikiza Mobutu Sese Seko wa Zaire aache kuwasaidia waasi wa Angola. Ndege yake ilikuwa Tupolev 134 iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti, na wanaanga watano walioiendesha walikuwa raia wa nchi hiyo. Maelekezo ya usalama yalimtaka rais asisafiri usiku, lakini alitaka kulala Maputo. Ndege iliondoka Mbala saa 12:38 jioni ikiwa na watu 44, wakiwemo Waziri wa Uchukuzi, Alcântara Santos, na msomi mashuhuri Aquino de Bragança. Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa mzuri, na ilitarajiwa kufika saa 3:25 usiku.

Kanuni ya kuacha kutua

Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa kujua namna ndege inavyotua usiku au ndani ya mawingu, wakati ambapo rubani haoni ardhi. Mbali na uwanja, huongozwa na kituo cha redio kilichoko ardhini, ambacho mawimbi yake huonyesha upande wa kuelekea. Akikaribia, hupokea mihimili miwili ya redio inayotoka uwanjani. Mmoja humwonyesha kama yuko kushoto au kulia kwa mstari wa njia ya kutulia, na mwingine humwonyesha kama yuko juu au chini ya mteremko anaopaswa kuufuata.

Kwa kila hatua ya safari hiyo ya kushuka, kuna kimo ambacho ni mwiko kukivuka. Kabla hajaipata mihimili hiyo wala kuuona uwanja, rubani habanduki kwenye kimo cha usalama alichopangiwa, kilichowekwa juu ya vilima vyote vya eneo. Akiisha kuipata, hushuka nayo hadi kimo cha uamuzi, ambacho katika daraja la kawaida ni takriban futi 200 juu ya uwanja. Akifika hapo bila kuziona taa, hana ruhusa ya kushuka hata kidogo zaidi ili kujaribu bahati. Huongeza nguvu za injini, huinua pua ya ndege na kupaa, kisha hujaribu tena au huenda uwanja mwingine.

Si kutoziona taa tu kunakodai uamuzi huo. Mihimili ikikosekana, vyombo viwili vikipingana, au chombo cha kuonya ukaribu wa ardhi kikilia wakati rubani haoni chini, jibu ni lilelile. Kanuni imeandikwa mapema, mezani, kwenye mwanga na utulivu, kwa sababu wale walioiandika walijua udhaifu wa binadamu aliye karibu na mwisho wa safari. Mtu huyo amechoka, anasubiriwa, na moyo wake umekwisha kutua kabla ya ndege. Kila dalili mbaya huipatia maelezo yanayomruhusu aendelee. Kupaa tena hugharimu dakika kadhaa na mafuta. Kutopaa hakuna bei inayojulikana mapema.

Sekunde 32

Saa 2:46 usiku, ndege ya rais ilifanya mawasiliano yake ya kwanza na mwongoza ndege wa Maputo. Saa 3:02 iliruhusiwa kushuka hadi futi 3,000, na kubaki hapo mpaka uwanja uonekane au mihimili ya kutulia ipatikane. Mazungumzo yalifanyika kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya kuzaliwa ya Mrusi wala ya Mmsumbiji, na uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba pande hizo mbili hazikuelewana vizuri.

Saa 3:10 ndege ilifanya jambo lisilotarajiwa. Badala ya kuendelea kusini kuelekea Maputo, ilipinda nyuzi 37 kulia, kusini-magharibi, kuelekea milima ya Lebombo iliyoko mpakani. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilionyesha kuwa nahodha aliuliza sababu ya kupinda, na ofisa mwelekezi wa njia akamjibu kuwa kituo cha redio ndicho kilichoonyesha hivyo. Swali zuri liliulizwa, jibu likapatikana, na hakuna aliyelihakiki jibu hilo kwa chombo kingine.

Dakika zilizofuata zilileta dalili nyingine, kila moja ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia. Taa za jiji hazikuonekana mbele yao. Wanaanga wakajieleza kuwa umeme wa Maputo umekatika, maelezo yaliyokuwa na mantiki katika nchi ambayo nguzo zake zililipuliwa mara kwa mara. Mihimili ya kutulia nayo haikupatikana. Mwongoza ndege, asiyejua kuwa ndege iko magharibi sana, akawaruhusu watue kwa macho kupitia upande mwingine wa njia ya kutulia. Wao wakamwomba ahakikishe kama taa za njia hiyo zinawaka. Waliripoti kuwa wako futi 3,000, na ndege ikaendelea kushuka.

Kisha chombo cha kuonya ukaribu wa ardhi kikalia. Hakikulia kidogo na kunyamaza. Kililia kwa sekunde 32. Nahodha alitamka neno la hasira, lakini injini hazikuongezwa nguvu wala pua ya ndege haikuinuliwa. Pengine kwa mtu aliyeamini kuwa yuko juu ya tambarare ya pwani, karibu na usawa wa bahari, kengele ile ilikuwa na hitilafu tu. Sekunde 32 ni muda wa kutosha kwa ndege ya namna ile kupaa mamia ya futi.

Saa 3:21 usiku, bawa la kushoto liligonga mti, na ndege ikaanguka na kuvunjika vipande mlimani, ndani kidogo ya mpaka wa Afrika Kusini, kilomita 65 hivi magharibi mwa Maputo. Mahali hapo pako takriban futi 2,185 juu ya usawa wa bahari. Laiti ndege ingebaki futi 3,000 kama ilivyoagizwa, ingepita juu ya mahali pale na kubakiza zaidi ya futi 800.

Watu wachache waliokuwa upande wa mkia walinusurika, na mmoja wao alitembea gizani kutafuta msaada. Serikali ya Msumbiji ilijulishwa na Afrika Kusini asubuhi iliyofuata tu, baada ya takriban saa tisa, ucheleweshaji ambao haujawahi kuelezwa kwa namna ya kuwaridhisha wafiwa. Redio ya taifa ilikuwa imeanza kupiga muziki wa huzuni kabla wananchi hawajaambiwa kilichotokea. Samora Machel alizikwa tarehe 28 Oktoba 1986 katika Uwanja wa Mashujaa mjini Maputo, na Joaquim Chissano akashika urais.

Maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa

Afrika Kusini iliunda tume chini ya Jaji Cecil Margo, ikiwa na wajumbe kutoka nje, akiwemo Frank Borman, mwanaanga wa zamani wa Marekani. Mwaka 1987, tume hiyo iliamua kuwa kosa lilikuwa la wanaanga. Ilisema hawakufuata utaratibu wa kushuka kwa vyombo, walishuka chini ya kimo cha usalama bila kuiona ardhi, usiku na kukiwa na mawingu kiasi, na waliipuuza kengele. Kuhusu kupinda kwa ndege, iliona kuwa huenda mwelekezi alikosea masafa ya redio, akashika kituo cha Matsapha, Swaziland, badala ya kile cha Maputo. Masafa hayo yalikuwa 112.3 na 112.7, tofauti ya tarakimu moja.

Umoja wa Kisovieti ulikataa. Wataalamu wake walisema ndege ilivutwa na kituo bandia kilichorusha mawimbi kwa masafa ya Maputo, na kwamba wanaanga hao wazoefu hawangekosea kwa namna iliyoelezwa. Mwaka 1998, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilipitia suala hilo upya. Haikuthibitisha kuwepo kwa kituo bandia, lakini iliona kuwa hitimisho la Margo lilikuwa na maswali yaliyohitaji uchunguzi zaidi. Kwa familia ya Machel, akiwemo mjane wake Graça ambaye baadaye aliolewa na Nelson Mandela, na kwa wananchi wengi wa Msumbiji, faili hilo halijafungwa.

Kwa miaka yote hiyo, mjadala umeendeshwa kana kwamba jibu moja lazima lilifute lingine. Anayesema kuwa kulikuwa na mtego huonekana anawatetea wanaanga, na anayesema kuwa wanaanga walikosea huonekana anausafisha utawala wa makaburu. Kwa kweli maswali ni mawili. La kwanza ni nini kiliipeleka ndege juu ya Lebombo. La pili ni kwa nini, ilipofika huko, haikupaa.

Swali la kwanza linahitaji nyaraka na mashahidi, na haki inadai liendelee kuulizwa. Utawala uliovunja mkataba wa Nkomati na kuwatumia kifurushi cha mauti wapinzani wake nje ya nchi hauwezi kulalamika ukishukiwa. Swali la pili lina jibu lililoko ndani ya kanuni yenyewe. Kimo cha usalama, kimo cha uamuzi na amri ya kupaa kengele inapolia havikuwekwa kwa ajili ya rubani anayejua aliko. Viliwekwa kwa ajili ya rubani aliyepotea na hajui kuwa amepotea, awe amepotezwa na tarakimu aliyoisoma vibaya au na adui aliyejificha nyuma ya kilima. Kengele haikuhitaji kujua kosa ni la nani. Ilihitaji kutiiwa tu.

Kuwalaumu wanaanga peke yao ni rahisi mno. Wanne kati ya watano walikufa palepale, na hakuna aliyepanda ndege ile kwa nia ya kuua. Walikuwa wamekaribia nyumbani, wakiwa wamembeba mkuu wa nchi aliyetaka kufika usiku uleule, na kila ishara ya hatari waliipatia sababu ya kawaida. Udhaifu huo si wa Warusi wala wa marubani peke yao.

Machel mwenyewe alikuwa amejifunza, kwa gharama kubwa, kuwa njia iliyoanzwa inaweza kuachwa. Aliziacha kambi za kaskazini mwaka 1970 ili aishinde vita, na mwaka 1984 alikaa meza moja na adui aliyemchukia ili nchi yake ipate pumzi. Katika baadhi ya mambo alichelewa kugeuka, na watu wake waliumia. Usiku wa Lebombo, uamuzi wa kugeuka haukuwa mikononi mwake. Alikuwa abiria, kama alivyokuwa mwaka 1963 alipopewa kiti na wenzake wa ANC kuja Dar es Salaam.

Mnara wa Mbuzini, uliosanifiwa na José Forjaz wa Msumbiji, ulizinduliwa tarehe 19 Januari 1999 mbele ya Mandela, Graça Machel na Chissano. Kilima chenyewe si kirefu. Mgeni anayefika hapo mchana, akitazama mashariki, huiona tambarare ya Msumbiji ikianzia miguuni pake na kuteremka hadi baharini. Ndiyo tambarare ambayo wanaanga walidhani wamekwisha kuifikia.